Koloni la adhabu si gereza lililozungukwa na bahari

Makala na vipindi vingi vya Kiswahili vinavyogusa historia ya Australia hurudia sentensi ileile: kwamba Waingereza waliigeuza nchi ile gereza kubwa, wakajaza humo wafungwa wao. Juzi nimeisikia tena redioni, na safari hii mtangazaji akaongeza kuwa watu wale walikuwa "watumwa weupe". Makosa mawili kwa pumzi moja, na yote mawili yanaficha yaliyowapata watu wale hasa, wengi wao wakiwa vijana, na wengine watoto.

Koloni la adhabu ni eneo la mbali lililo chini ya dola, ambako waliotiwa hatiani nyumbani hupelekwa kutumikia adhabu yao kwa kufanya kazi, na kazi hiyohiyo ndiyo inayoijengea dola nchi mpya. Maana yenyewe ni hiyo, haihitaji maelezo marefu. Kinachohitaji maelezo ni mambo ambayo koloni la adhabu halikuwa.

Uingereza ilianza kwa kutumia Marekani. Sheria ya mwaka 1718 iliziwezesha mahakama kumhukumu mwizi kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7 au 14, na watu wapatao 50,000 walivushwa Atlantiki kwa njia hiyo. Vita vya uhuru wa Marekani vikaufunga mlango huo. Mahakama ziliendelea kutoa hukumu ilhali hapakuwa na pa kuwapeleka watu, wakarundikwa katika meli kuukuu zilizotiwa nanga mtoni Thames na bandarini Plymouth. Ndipo ikachaguliwa New South Wales, upande wa mashariki wa Australia. Meli 11 ziliondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787 chini ya Arthur Phillip, gavana wa kwanza wa koloni hilo, zikapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, na tarehe 26 Januari 1788 makazi yakaanzishwa Sydney Cove. Kufikia Januari 1868, meli ya mwisho ilipotia nanga Fremantle, watu wapatao 162,000 walikuwa wamepelekwa Australia.

Katika msafara ule wa kwanza, ndani ya meli Friendship, alikuwamo mvulana aitwaye John Hudson. Alikuwa yatima wa London, kazi yake kusafisha dohani. Watoto wadogo walipandishwa ndani ya mabomba ya moshi wakwangue masizi kwa sababu mtu mzima hapiti. Desemba 1783, akiwa na miaka 9, alisimamishwa katika mahakama ya Old Bailey kwa kuvunja nyumba na kuiba shati la kitani, soksi za hariri, bastola na aproni mbili. Sheria ya wakati ule iliruhusu mtoto wa miaka 7 kushtakiwa, na kuvunja nyumba usiku adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Mahakama ilimtia hatiani kwa wizi lakini si kwa kuvunja nyumba, akaepuka kitanzi. Akapewa miaka 7.

Miaka 7 ya nini? Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu sikio la leo likisikia "miaka 7" hujaza lenyewe neno kifungo. Hukumu ya Hudson haikuwa kifungo. Ilikuwa kuondolewa: kutolewa katika nchi yake, kuvushwa bahari, na kutumikishwa huko aendako hadi muda uishe. Kufungwa kwa pingu na mlango alikupata kabla ya kufika, wakati wa kungoja. Mwaka 1784 alipakiwa katika meli Mercury iliyokuwa ikielekea Marekani. Wafungwa wakaasi na kuiteka meli, wengi wakakamatwa tena, naye akaishia katika meli kuukuu Dunkirk pale Plymouth, hadi msafara wa Phillip ulipoondoka. Alipokanyaga Sydney alikuwa na miaka kama 13, na pale hapakuwa na seli ya kumtia. Palikuwa na mahema, msitu, na chakula cha kupimiwa.

Mwaka 1790 alihamishiwa kisiwa cha Norfolk. Mwaka uliofuata alichapwa viboko 50. Kosa lake lilikuwa kuonekana nje ya kibanda chake baada ya saa tatu usiku. Ukilitafakari kosa hilo utaona tofauti ninayoisema: mtoto huyu alikuwa na kibanda chake, na kilichomzuia kutoka kilikuwa amri na mjeledi, si kufuli. Sisemi hayo yalikuwa mepesi. Viboko 50 juu ya mgongo wa mvulana ni ukatili, na kuiita hali ile gereza hakuuongezi ukatili huo wala kuupunguza. Kunatufanya tu tutazame mahali pasipo.

Mjini Sydney, kwa miaka 30 ya mwanzo, wanaume wengi waliofanya kazi za serikali walijitafutia wenyewe pa kulala, hasa katika mtaa wa The Rocks. Kazi ya serikali ikiisha kwa siku ile, walifanya vibarua vya malipo. Bweni kubwa la Hyde Park lilifunguliwa mwaka 1819 tu, na aliyelichora, Francis Greenway, alikuwa mwenyewe amepelekwa huko kwa kosa la kughushi. Wengine walipangiwa mabwana, wakulima na wafugaji, waliowalisha na kuwavisha. Aliyeonekana mwaminifu alipata cheti cha ruhusa: afanye kazi kwa ujira wake, katika wilaya aliyoandikiwa. Muda ukiisha alipewa cheti cha uhuru.

Cheti hicho ndicho kinachoiangusha kauli ya "watumwa weupe". Kwetu pwani hatuna haja ya kufundishwa mtumwa ni nani. Mtumwa aliyeuzwa Unguja hakusimamishwa mbele ya hakimu, hakutajiwa kosa, na hakuna karatasi iliyosema siku yake ya kuachiwa. Aliyepelekwa New South Wales alikuwa na vyote hivyo. Bwana wake hakuruhusiwa kumchapa kwa mkono wake. Ilimpasa ampeleke kwa hakimu. Watoto wake walizaliwa huru. Zaidi ya hapo aliweza kushtaki: mwezi Julai 1788, Henry Kable na mkewe Susannah, wote wawili wakiwa bado wanatumikia adhabu, walimshtaki nahodha Duncan Sinclair kwa mzigo wao uliopotea melini, wakashinda na kulipwa pauni 15. Katika sheria ya Uingereza yenyewe watu wale hawakupaswa hata kusikilizwa. Koloni iliwasikiliza.

Wanaoleta mfano wa utumwa wana hoja moja ya kweli, nayo ni meli za msafara wa pili, mwaka 1790. Kazi ya kuwasafirisha ilipewa kampuni iliyokuwa na uzoefu wa biashara ya watumwa, ikilipwa kwa kila kichwa kilichopanda na si kwa kila aliyeshuka hai. Karibu robo ya wafungwa walikufa njiani. Hoja hiyo inahusu safari na tamaa ya wenye meli. Haiwageuzi waliofika kuwa mali ya mtu.

Adhabu yenyewe, kwa maoni yangu, ilikuwa kutorudi. Sheria ya 1718 ilimpa kifo yeyote aliyekutwa Uingereza kabla ya muda wake kuisha. Na muda ukiisha, serikali haikulipa nauli ya kumrudisha. Mtoto wa masikini aliyehukumiwa miaka 7 angepata wapi fedha za safari ya nusu dunia? Kwa wengi miaka 7 ilikuwa maisha yote, bila jaji yeyote kuitamka hukumu hiyo.

Sasa lile neno la kwanza, koloni, ambalo watu hulipita haraka wakikimbilia adhabu. Gereza halimpi mtu ardhi. Phillip alikuwa na maagizo kwamba mwanamume aliyemaliza muda wake apewe ekari 30, na 20 zaidi akiwa na mke, na 10 kwa kila mtoto. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Sydney ilikuwa ya watu wa Eora, na mwaka 1789, miezi 15 tu baada ya meli kufika, ndui iliwaua kwa wingi. Kando ya mto Hawkesbury walikuwako wenyeji wengine, Wadarug, wakasukumwa na mashamba yaliyofuata. Kwa hiyo kijana yuleyule aliyeng'olewa kwao kwa nguvu alikuwa, huko alikopelekwa, mlowezi. Mary Reibey alihukumiwa Stafford mwaka 1790 kwa kuiba farasi, akiwa na miaka 13 na amevaa nguo za kiume. Alifika Sydney Oktoba 1792, akawekwa kazi ya kulea watoto. Miaka miwili baadaye aliolewa, akaanza maisha ya shamba huko Hawkesbury, na baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1811 akaendesha meli na maghala akiwa na watoto saba. Sura yake imo katika noti ya dola 20 ya Australia. Huwezi kuyasimulia maisha hayo kwa neno gereza, na ukilitumia, Wadarug wanatoweka kabisa katika hadithi.

Magereza yalikuwamo ndani ya koloni, kweli. Port Arthur huko Tasmania, ambayo picha zake ndizo zinazosambaa zaidi, ilifunguliwa mwaka 1830 na ilikuwa hasa kwa waliokosa tena wakiwa tayari wamepelekwa. Ng'ambo ya ghuba yake, Point Puer, wavulana wapatao 3,000 walishikiliwa kati ya 1834 na 1849 wakifundishwa useremala, ushonaji viatu na uchongaji mawe. Hao unaweza kusema walikuwa gerezani bila kukosea.

Tukija karibu na kwetu, Robben Island ya Afrika Kusini ilikuwa gereza kisiwani hadi mwaka 1996, na neno hilo linaitosha. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Seychelles, pamoja na Khalid bin Barghash, aliyekitwaa kiti cha usultani wa Unguja mwaka 1896 na kupelekwa huko baada ya kukamatwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hawakupelekwa koloni la adhabu. Waliondolewa kwa siasa, bila kesi ya jinai, wala hawakutakiwa kupasua mawe; kwao neno ni uhamisho. Na Changuu ya Unguja, ambayo watalii huiita kisiwa cha gereza, ilijengewa gereza kweli mwaka 1893, lakini jengo lile likatumika kuwa karantini. Ukiandika karantini utakuwa umesema sawa.