Jicho la jiwe: umbo si sura

Kila muhula, tukifika kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuna mkono unaoinuka: "Mwalimu, umbo si ndiyo sura ya kitu?" Zamani nilijibu kwa upole. Siku hizi naandika HAPANA ubaoni kabla swali halijaisha.

Sehemu ya lawama ni yetu walimu. Tunaanza na sanamu ya shaba: shaba ndiyo maada, yaani kile ambacho kitu kimetengenezwa nacho; mchongo ndio umbo. Mfano ni wa Aristotle mwenyewe, lakini umewaponza wengi, kwa kuwa katika sanamu umbo na sura vimekutana. Mimi nimeuacha. Naanza na jicho, ambalo nalo ni lake, kutoka kitabu chake juu ya roho: jicho la jiwe lina sura yote ya jicho, mboni na kope, ila halioni, kwa hiyo ni jicho kwa jina tu. Kinachokosekana pale ndicho umbo: kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilicho na kiweze kazi yake. Hukipimi kwa rula.

Kosa hili lingeishia kwenye mtihani kama lisingevuka hadi waraka wa Paulo, Wafilipi 2. Mtu anasoma kwamba Kristo alikuwa "yuna namna ya Mungu", anakumbuka kwamba namna ni umbo na umbo ni sura, basi anahitimisha: alifanana na Mungu tu. Haya, endelea na mstari wa 7: akatwaa "namna ya mtumwa". Kigiriki ni neno lilelile, morphe. Kama la kwanza ni mfanano tu, basi la pili nalo ni mfanano tu, na aliyekufa msalabani alikuwa akiigiza utumwa. Hilo hakuna mwanafunzi wangu anayelikubali, ila ni wachache wanaorudi nyuma kusahihisha la kwanza.

Kibaya zaidi, mstari wa 8 katika Biblia tunayoisoma wengi unasema alionekana "ana umbo kama mwanadamu", na hapo Kigiriki kimebadili neno: schema, vile watu walivyomwona. Umbo la wanafalsafa na umbo la mstari huo nusura vipingane! Ndiyo maana nawasumbua waandike neno la Kigiriki pembeni mwa daftari, hata wasiokijua Kigiriki. Wala wasikimbilie upande wa pili, wakadhani kila morphe ni umbo la wanafalsafa: Paulo hakuwa akimfafanua Aristotle. Katika Marko 16:12 morphe hiyohiyo ni sura inayoonekana kwa macho. Kinachoamua ni hoja ya kifungu.

Makosa mengine kuhusu umbo ni mepesi. "Roho inakaa mwilini kama dereva ndani ya gari." Hapo uko karibu na Plato, mwalimu wa Aristotle, aliyeitenga roho na mwili. Mtaguso wa Vienne (1311–1312), mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulifundisha kwamba roho yenye akili ndiyo umbo la mwili wa binadamu, yenyewe na kwa asili yake. Kabla ya hapo mwanateolojia Thomas wa Akwino, aliyefariki 1274, alishaandika kwamba roho yangu siyo mimi. Kwa mtu wa mawazo hayo, ufufuko wa mwili si nyongeza ya mwishoni.

"Umbo la ubatizo ni jinsi ibada inavyopangwa." La. Kwa Wakatoliki maji ni maada, maneno ndiyo umbo. Mwaka 2020 Vatikani ilijibu kwamba anayesema "sisi tunakubatiza" mahali pa "mimi nakubatiza" hajabatiza, na aliyepewa ubatizo huo bado anapaswa kubatizwa. Kwa Kiswahili ni kiambishi kimoja tu, nakubatiza na tunakubatiza, na sakramenti imeponyoka.

"Mungu hana umbo." Hana mwili, sawa, Kumbukumbu la Torati 4 inawakumbusha Waisraeli kwamba pale mlimani walisikia sauti tu. Lakini Thomas huyohuyo anasema Mungu ni umbo kwa asili yake, umbo lisilo na maada yoyote. Ukisikia hivyo na bado unawaza ndevu na kiti cha enzi, rudi kwenye jicho la jiwe.