Sadfa moja inatosha: wakati mbaya katika filamu za mapenzi

Kazi yangu ni kusoma miswada ya filamu kabla haijamfikia mwongozaji, na kusema ni wapi inachechemea. Hapa Nairobi miswada mingi inayonijia siku hizi ni ya mapenzi ya kuchekesha, na karibu yote imesimama juu ya jambo lilelile: wawili wanapendana, lakini nyakati zao hazipatani. Huyu akiwa tayari, yule ameposwa. Posa ya yule ikivunjika, huyu keshapata kazi Doha. Sina ugomvi na hadithi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba waandishi huachia foleni ya magari kazi yote.

Onyesho lenyewe unalijua. Kijana yuko ndani ya matatu, magari hayasongi tangu Roysambu. Msichana anamngoja mjini, mbele ya Archives, anatazama saa, anaondoka. Kijana anafika akihema. Muziki wa huzuni. Mara ya kwanza tunamwonea huruma. Halafu inakuja mvua, kisha simu inaisha chaji, kisha makanga anakawia na chenji, na kufikia hapo hadhira imeacha kumhurumia kijana, inamshuku mwandishi.

Kila mtahiniwa wa fasihi anajua sadfa ni nini: mambo kukutana kwa bahati, bila kupangwa. Asichofundishwa ni kwamba sadfa mbili hazina uzito mmoja. Sadfa inayowakutanisha watu tunaisamehe hata ikijirudia, kwa sababu inaanzisha mambo. Inayowatenganisha tunaisamehe mara moja tu, tena mapema. Baada ya hapo kila kuchelewa kutoke ndani ya wahusika wenyewe: kiburi, aibu, woga, heshima iliyozidi, uongo mdogo uliosemwa kwa nia njema.

Tazama When Harry Met Sally ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron na kuongozwa na Rob Reiner. Wawili hao wanasafiri kwa gari moja kutoka Chicago hadi New York mwaka 1977. Wanakutana tena baada ya miaka mitano, safarini kwa ndege, na tena baada ya mitano mingine, kwenye duka la vitabu. Kukutana tena mara zote mbili ni bahati tupu, na hakuna anayelalamika. Sasa angalia kinachowazuia. Mara ya kwanza hawapatani kabisa. Mara ya pili Sally ana mpenzi na Harry anakaribia kuoa. Mara ya tatu wote wawili wametoka kuachana na wenzao, wana vidonda vibichi, na kila mmoja anataka rafiki wa kuzungumza naye tu. Hakuna barua iliyopotea wala gari lililoharibika. Wanachelewa kwa sababu ya hali waliyo nayo, na sisi tunaoketi gizani tunaliona jambo hilo miaka kabla yao. Kinaya hicho ndicho kinachochekesha.

Barua iliyopotea, hata hivyo, ina historia ndefu. Romeo wa Shakespeare hapati barua ya kumweleza kwamba Juliet hajafa kweli, kwa sababu mtawa aliyetumwa kuipeleka alizuiliwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Anakunywa sumu, na Juliet anaamka muda mfupi tu baadaye. Mtambo huohuo ukiupa dakika chache zaidi unapata kichekesho: Juliet anapiga chafya, Romeo anaangusha chupa. Ndiyo maana namwambia mwandishi apime urefu wa kuchelewa kama mpishi anavyopima chumvi.

Kisha simu ya mkononi ikaja ikaharibu kila kitu. Katika Before Sunrise ya 1995 wapenzi wanaagana Vienna bila kupeana namba wala anwani, wakiahidiana kurudi baada ya miezi sita. Filamu iliyofuata, ya 2004, ikatuambia kwamba mwanamume alirudi na mwanamke hakuweza, kwa kuwa siku hiyo nyanya yake alikuwa akizikwa. Jaribu kuandika hivyo leo. Dakika ya tatu mtu kwenye viti vya nyuma atauliza, kwa sauti, kwa nini wasipigiane simu. Na atakuwa na haki.

Lakini simu haijaua wakati mbaya, imeuhamisha tu. Chukua mfano huu ambao huwa nautumia kufundishia. Kijana wa Kahawa West anamtumia msichana wa Rongai shilingi 500 za nauli kwa M-Pesa. Nairobi nzima inajua utani unaofuata: nauli huliwa, na aliyeila huzima simu. Ila huyu msichana anataka kwenda kweli. Ujumbe unaingia, anashangilia, anachukua rangi ya mdomo. Kisha unaingia ujumbe wa pili. Juzi alifuliza, yaani alikopa kwa M-Pesa salio lilipopungua, kununua tokeni za stima, na Fuliza, kama ilivyo desturi yake, imejilipa kwa pesa ya kwanza kuingia. Zimebaki shilingi 20. Kamera ikae hapo, kwenye uso wenye mdomo uliopakwa nusu.

Sasa hamia kwa kijana, kwenye kibanda cha chai, akiwa na rafiki zake. "Ako njiani," anasema. "Buda, hiyo imeliwa," anajibiwa. Anamtetea kwa maneno mazito, na kila neno linachekesha kwa kuwa sisi tumeshaona zile shilingi 20. Ungeanza na kijana ukamleta msichana baadaye, ungepata mshangao wa sekunde moja na kicheko kidogo. Ukianza na msichana, unapata kicheko cha onyesho zima, na huruma juu yake. Mpangilio wa nani anajua nini, na lini, ndio kazi yenyewe. Mengine ni mavazi.

Msichana anaona aibu kutaja deni. Anaandika: "Kichwa kinaniuma, samahani." Tiki zinageuka bluu. Kijana, kwa kuwa ni mwema, ananunua dawa na machungwa, anapanda gari la Rongai bila kusema, amshangaze. Msichana, kwa kuwa dhamiri inamsuta, anakopa mia mbili kwa dadake na kupanda gari la mjini bila kusema, amshangaze. Matatu zao zinapishana Barabara ya Magadi. Wamekosa kukutana tena, lakini safari hii hakuna anayemlaumu mwandishi. Wema wa kijana na aibu ya msichana ndivyo vimewapishanisha. Yule wa viti vya nyuma naye ananyamaza, kwa sababu simu wanazo na wamechagua kutopiga.

Nikiwa hapa niseme neno kuhusu kukimbilia uwanja wa ndege. Tafadhali, acheni. Aliyewahi kwenda JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, anajua kwamba abiria hupanga foleni ya ukaguzi, mkanda mkononi. Mpenzi anayekimbia atasimamishwa hapo avue saa. Ukilazimika kuandika onyesho hilo, basi liandike kuhusu mkanda na suruali inayoshuka. Hapo nitacheka.

Kikwazo ambacho naona bado hakijaguswa vya kutosha ni kazi ya ng'ambo. Kuna mswada mezani kwangu ambamo msichana anapata viza wiki ileile anayokubali kwamba anampenda jirani yake. Wazo zuri sana. Ila katika rasimu hii viza inafutwa ukurasa wa mwisho na harusi inafuata, yaani ubalozi umegeuzwa mshenga. Hakuna aliyeamua lolote. Mama mzazi, ambaye kurasa themanini amekuwa akihesabu pesa zitakazotumwa nyumbani, anashangilia tu kama mgeni mwalikwa.

Mwandishi aliniuliza, basi aende kweli? Nikamjibu aende. Mkataba ni wa miaka miwili. Harry na Sally wamepewa zaidi ya kumi. Jirani abaki na ufunguo wa nyumba na kazi ya kulipia stima, mama awe anampigia yeye simu kuuliza kwa nini pesa zimechelewa, na msichana apewe likizo katikati ya filamu, wiki ambayo jirani ana mgeni wa kike nyumbani ambaye ni binamu yake kabisa. Rasimu mpya nimeahidiwa kabla ya Pasaka.