Vumbi la Dodoma na kiyoyozi chako: tunayoyaamini na yalivyo

Kiangazi kimoja nililipia gesi ya kiyoyozi mara tatu. Nyumba yetu ipo Ilazo, barabara ya mbele haina lami, na upepo wa Dodoma ukishaanza kuvuma hakuna dirisha linalouzuia. Kila ubaridi ulipopungua, fundi alikuja, akafunga geji yake kwenye boksi la nje, akanionyesha mshale. "Mama, gesi imeisha." Nikalipa. Baada ya wiki chache joto lilikuwa limerudi palepale.

"Gesi ya kiyoyozi huisha kama ya jikoni"

Gesi ya mtungi huungua, ndiyo maana huisha. Ya kiyoyozi haiungui. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani, inalitua nje, kisha inarudi. Inaweza kuzunguka miaka mingi ikiwa ileile. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na kazi ya kwanza ni kupatafuta na kupaziba. Kujaza bila kuziba ni kuitoa gesi hewani, na gesi hizi zina madhara makubwa: kilo moja ya R410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, hulipasha joto anga zaidi ya mara 2,000 ya kilo moja ya kabonidioksidi kwa kipimo cha miaka 100.

Kwangu hapakuwa na uvujaji wowote. Siku moja nilizima umeme, nikafungua mwenyewe kifuniko cha mbele. Ndani zipo filta mbili za wavu wa plastiki, zinachomoka kwa mkono tu. Matundu ya wavu sikuyaona. Vumbi lilikuwa limejishona juu yake kama kipande cha blanketi, rangi ya kutu, na nilipolivuta kwa ukucha likabanduka pande zima. Nikazitia kwenye beseni, maji yakageuka kama udongo wa kukandikia tembe. Nilibadilisha maji mara tatu ndipo yakabaki meupe. Filta zilipokauka nikazirudisha, na jioni ile chumba kikapoa kama siku kilipofungwa kiyoyozi kipya.

Kwa nini basi geji ilisema gesi imeisha? Nilimuuliza fundi mwingine, mtu mzima aliyefanya kazi hii miaka mingi. "Mama, geji inakwambia mgandamizo umeshuka, haikwambii kwa nini." Filta ikiziba, hewa inayopita kwenye koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa, inakuwa kidogo, na mgandamizo wa gesi unashuka vilevile kama gesi ingekuwa imepungua kweli. Fundi mwenye haraka anaongeza. Siku filta ikisafishwa, mfumo unakuwa na gesi iliyozidi kipimo, na anayeumia ni kompresa, pampu inayoisukuma gesi na kifaa cha bei kubwa kuliko vyote humo ndani. Kwa hiyo kabla geji haijafungwa, muulize fundi wako bila kuona haya kama ameangalia filta na koili. Ukikuta barafu kwenye bomba la shaba, zima, iache iyeyuke, uanzie kwenye filta.

Huku kwetu kiangazi nazisafisha kila wiki mbili. Mvua zikishanyesha, kuanzia Desemba hadi Aprili, vumbi linatulia na mara moja kwa mwezi inatosha. Maji ya kawaida na sabuni kidogo, kisha kuanika kivulini, maana jua hupinda plastiki. Hata uniti za LUKU utaona hazikimbii kama mwanzo, kwa kuwa kiyoyozi kinafikia ubaridi uliouomba na kupumzika.

"Kinatuletea hewa safi ya nje"

Hivi vya ukutani tunavyotumia wengi havileti. Kati ya boksi la nje na la ndani kuna mabomba ya gesi, nyaya na mpira wa kutolea maji, basi. Hewa inayopozwa ni ileile mnayopumua chumbani, inazungushwa usiku kucha. Fungua madirisha alfajiri, kabla upepo haujaamka, kisha ufunge. Na kwa kuwa vumbi la filta linaingilia chini ya mlango na kwenye fremu za madirisha, mpira wa kuziba mianya unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kipoza hewa cha maji ni kinyume chake: hicho kinataka dirisha liwe wazi kidogo, vinginevyo unyevu unajaa chumbani na kinaacha kupoza. Hewa kavu ya Dodoma inakifaa sana, kuliko hewa nzito ya Dar es Salaam.

"Weka 16, kitapoa haraka"

Kwa kiyoyozi cha kawaida kisicho cha inveta (yaani kisichobadilisha kasi ya kompresa), kompresa inafanya kazi kwa nguvu ileile ukiweka 16 au 24. Unachoongeza ni muda wa kuunguruma.

"Maji yakidondoka ukutani, gesi inavuja"

Gesi ikivuja haitoki kama maji. Yale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye koili baridi, kama jasho la chupa ya soda. Kiangazi hewa yetu ni kavu na maji ni machache, kwa hiyo vumbi linakaa kimya kwenye koili na kwenye mpira wa kutolea maji. Mvua za kwanza zikifika, unyevu unaongezeka, vumbi linageuka tope, mpira unaziba na ukuta unalowa. Fundi aoshe koili na kuuzibua mpira mwezi Novemba. Boksi la nje aoshe kwa maji ya taratibu. Ya presha kubwa yanalaza vibati vya alumini na hewa inakosa pa kupita.

"Dakti za darini lazima zisafishwe kila mwaka"

Nyumba zenye dakti, yaani mifereji ya kupitishia hewa, huku si nyingi. Utazikuta zaidi kwenye ofisi, hoteli na kumbi. EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, linasema haijathibitika kwamba kusafisha dakti kunazuia maradhi. Linashauri zisafishwe kunapokuwa na sababu: kuvu inayoonekana, panya au wadudu, au vumbi linalomwagika kutoka kwenye matundu. Mkigundua viungo vya dakti vimeachia darini, vizibeni kwanza, maana zinavuta vumbi la paa lote.

"Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna madhara"

Hili naliandika kwa uchungu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi inauma. Watu wanaingiza jiko chumbani moshi ukishaisha. Moshi umeisha, lakini kaboni monoksidi ipo, haina rangi wala harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi mzito, na aliyelala hasikii chochote. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Kiyoyozi nacho si kinga, kwa sababu kinazungusha hewa hiyohiyo. Kama rimoti yako ina alama ya jua, huenda chako kinatoa joto pia, kijaribu. Kama hakina, ongeza blanketi, na jiko lilale uani.