Patriots wa 2007: ushindi 18 na ufa katikati ya ukuta

Msimamo wa 2007 wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, unaonyesha New England Patriots 16-0, yaani ushindi 16 bila kushindwa. Tangu ligi ipandishe msimu wa kawaida hadi mechi 16 mwaka 1978, hakuna timu iliyokuwa imezishinda zote. Miami Dolphins wa 1972 ndio waliomaliza bila doa hadi kombe, ila wao walicheza 14 za kawaida na 3 za mtoano. Patriots walifika 18-0, wakateleza kwenye ya 19, fainali iitwayo Super Bowl: New York Giants 17, Patriots 14, tarehe 3 Februari 2008, Glendale, Arizona.

Watu wengi hukumbuka mpira ambao David Tyree, mpokeaji wa Giants, aliubana kwenye helmeti yake katika fainali hiyo. Ni kweli ulikuwa mpira wa ajabu. Lakini mechi ile ilikuwa imeshaharibikia kwingine, kwa watu watano ambao kamera ya televisheni haiwafuati: safu ya mbele inayomkinga kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira. Mimi naiita ukuta.

Kwanza tuusome msimu wenyewe, maana 16-0 ni namba inayoficha mengi. Igawe katikati. Mechi 8 za kwanza Patriots walifunga pointi 331 na kufungwa 127, yaani tofauti ya 25.5 kwa mechi, na hakuna aliyewakaribia kwa chini ya pointi 17. Mechi 8 za mwisho ni 258 kwa 147, tofauti ya 13.9. Na hapo ndani yake kuna ile 56-10 dhidi ya Buffalo. Itoe, wastani wa saba zilizobaki unashuka hadi 9.3. Colts waliwasumbua hadi 24-20, Eagles 31-28, Ravens 27-24, na Giants wenyewe katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, 38-35. Pointi 35 ndizo nyingi zaidi walizofungwa mwaka huo. Sehemu ya mporomoko ni hali ya hewa, Desemba ya Foxborough, nyumbani kwa Patriots, haina huruma kwa mtu wa kurusha mpira, lakini mechi ya Eagles ilikuwa Novemba na hiyo ya Giants haikuwa na uhaba wa pointi.

Ile ya Ravens ingepaswa kuwa onyo kamili. Timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, la sivyo inaupoteza. Patriots wako nyuma, jaribio la nne, inahitajika yadi 1, kwotabeki wao Tom Brady anajisukuma mwenyewe na anazuiwa. Mechi imekwisha? Hapana. Benchi la Ravens lilikuwa limeomba muda wa mapumziko sekunde chache kabla mpira haujatoka. Likarudiwa. Ushindi wa namna hiyo unahesabika sawa na wa 52-7, na hilo ndilo tatizo la kuisoma safu ya ushindi peke yake.

Sasa, mashambulizi yale yalifanyaje kazi? Machi na Aprili 2007 klabu ilileta wapokeaji wawili: Wes Welker kutoka Miami, na Randy Moss kutoka Oakland kwa nafasi moja tu ya raundi ya nne ya usajili wa chipukizi. Moss anakimbia moja kwa moja kwenda mbele kabisa ya uwanja. Mlinzi wa mwisho hana hiari, lazima arudi nyuma naye. Akirudi, eneo la kati linabaki wazi, na Welker ameshakata ndani yadi 6 au 7 mbele ya mstari. Ukimfuata Welker, Moss yuko peke yake. Matokeo: Welker alidaka mipira 112, Moss alifunga tachidauni 23 (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la goli, pointi 6), Brady akarusha 50, zote mbili zikiwa rekodi za ligi wakati ule. Timu nzima pointi 589, nayo rekodi.

Mtambo huo una sharti moja. Moss anahitaji muda wa kufika mbali. Brady anasimama yadi 5 hivi nyuma ya senta, mtu wa katikati anayemrudishia mpira kuanzisha mchezo, na ukuta ukimpa sekunde tatu hivi, kazi imekwisha. Ukimpa mbili, Moss bado anakimbia na Brady ana Welker tu. Msimu wote wa kawaida aliangushwa na mpira mkononi mara 21. Kwa timu inayorusha kiasi kile, ni kidogo.

Hesabu ya ukuta ni hii. Watu watano: senta Dan Koppen, magadi wawili pembeni yake, Logan Mankins kushoto na Stephen Neal kulia, na wa ukingoni wawili, Matt Light na Nick Kaczur. Adui akileta wavamizi wanne, mmoja wa ukuta yuko huru kumsaidia jirani yake. Akileta watano au sita, kila mtu ana wake, lakini nyuma kunabaki walinzi wachache, na Brady alikuwa akiishi kwa kuwaadhibu wanaofanya hivyo. Kwa hiyo swali la kila kocha mwaka ule lilikuwa moja: nimfikieje kwa watu wanne tu, ili saba wabaki nyuma kuwakaba wapokeaji wasiozidi watano?

Steve Spagnuolo, aliyekuwa akiusimamia ulinzi wa Giants, alikuwa na vifaa vya jibu hilo. Timu yake iliongoza ligi kwa kuangusha makwotabeki, mara 53. Michael Strahan na Osi Umenyiora walikuwa ukingoni. Ujanja ulikuwa kwa Justin Tuck: ni mtu wa ukingoni kwa umbo na kasi, lakini kwenye majaribio ya kurusha alihamishiwa ndani, uso kwa uso na gadi. Gadi amezoea mtu mzito anayesukuma. Sasa mbele yake kuna mtu mwepesi anayepita pembeni.

Na shinikizo la katikati ni baya kuliko la pembeni. Mvamizi akija kwa pembeni, kwotabeki hupiga hatua moja mbele, mvamizi anapita nyuma yake, mpira unarushwa. Akija katikati, hatua hiyo imezibwa, na kurudi nyuma ni kujipeleka kwa Strahan au Umenyiora. Methali ya ufa na ukuta inamwonya asiyeziba ufa kwamba atajenga ukuta. Hawa walikuwa nao ukuta tayari, ufa ukawa baina ya senta na gadi. Usiku ule wa fainali Neal aliumia, akaingia Russ Hochstein, na ufa ukapanuka.

Brady aliangushwa mara 5. Mbili kati ya hizo zina uzito kuliko nyingine. Karibu na mapumziko, Patriots wakiongoza 7-3 na wakiwa wameshavuka nusu ya uwanja, Tuck alimfikia, mpira ukamtoka, Umenyiora akaulalia. Robo ya tatu, jaribio la tatu, Strahan alimwangusha kwa hasara ya yadi 6, na mpira ukawa kwenye yadi ya 31 upande wa Giants. Kupiga teke la goli, lenye pointi 3, kutoka hapo ni 31, jumlisha yadi 10 za eneo la goli na 7 au 8 za nyuma ya senta: takriban 49. Bill Belichick, kocha wa Patriots, hakupiga. Alijaribu jaribio la nne la yadi 13, halikufaulu. Mechi iliisha kwa tofauti ya 3. Binafsi naona alikosea, chini ya paa lililofungwa, bila upepo, teke la 49 ni la kupigwa. Ila bila Strahan, lingekuwa la 43 na hakuna ambaye angebishana.

Afrika Mashariki ilikuwa inaelekea alfajiri (mechi ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu) Plaxico Burress wa Giants alipodaka tachidauni ya ushindi, zikiwa zimebaki sekunde 35. Patriots walipata mpira na sekunde 29, wakihitaji teke moja tu ili kusawazisha. Mpira wa kwanza haukudakwa. Wa pili Jay Alford wa Giants, chipukizi wa mwaka wa kwanza, alipita katikati kabisa ya ukuta akamzika Brady chini. Miwili iliyobaki Brady aliirusha mbali sana kwa Moss, na yote miwili ikaanguka kwenye nyasi.