Kuitoa chaki iliyoganda na kulika

Gunia lilishuka bandarini Malindi, hapa Unguja, kutoka Pemba, na ndani yake mlikuwa na drili ya mkono iliyofungwa kanga kuukuu. Mwenyewe ni mchongaji wa Wete, mzee aliyekuwa akichonga milango na masanduku tangu mimi sijaanza skuli. Ameifunga drili hiyo kwenye kiunzi cha chuma juu ya meza, anaitia biti za kuchongea, na ndiyo inayomsaidia kutoa ardhi ya nakshi, yaani kuchimba sehemu ya chini ili ua au mnyororo ubaki umesimama. Patasi inakuja baadaye. Alinipigia kabla sijalifungua gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chaki imegoma. Biti haishiki, na yenyewe haitoki. Kijana mmoja hapa kaipiga nyundo mpaka nikamwambia basi."

Chaki ninayoizungumzia ni kile kichwa kinachobana biti kwa taya tatu, unachokikaza kwa ufunguo wenye meno. Umbo hili alilipatia hataza Mmarekani Arthur Jacobs mwaka 1902, na mpaka leo ukiifungua chaki ya ufunguo utakuta mpango ni ule ule. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaitazama kama sehemu ya mwili wa drili, kumbe ni kifaa kinachochakaa na kubadilishwa, kama tairi.

Kwanza nilitaka kujua imelika wapi. Nina njia yangu ya zamani. Nachukua kipande cha chuma cha mviringo, kilichonyooka, cha milimita 10, nakipitisha juu ya moto wa kibatari mpaka kishike masizi pande zote. Nakitia kwenye chaki, nakaza, nalegeza, natoa. Taya huacha alama mahali zilipogusa tu. Chaki nzima huacha mistari mitatu mirefu. Hii ya mzee iliacha vidoti vitatu vifupi, vyote upande wa ndani. Huku mdomoni masizi yalikuwa hayajaguswa. Maana yake taya zimepanuka mdomoni kama tarumbeta, zinashika kwa nyuma peke yake. Ndiyo maana biti ilikuwa ikiyumba na kuharibu kingo za nakshi. Kumbuka vile vidoti vya nyuma, maana baadaye ndivyo vilivyonisaidia.

Sasa kuitoa. Hapa ndipo drili nyingi zinapouawa, na kosa huwa ni moja: fundi anashika nyundo kabla hajajua chaki imeshikiliwa na nini. Ziko namna mbili kubwa. Nyengine imefungwa kwa uzi, kama nati kwenye bolti. Nyengine haina uzi kabisa, imekaa juu ya shafti (mhimili unaozungushwa na mota) iliyochongoka kidogo, na kushika kwa kubanana tu. Ukiikamata ya uzi ukaivuta kwa kabari, unapinda shafti. Ukiikamata ya kuchongoka ukaizungusha kwa spana, unakwangua sura ya shafti, na chaki mpya haitakaa sawa tena.

Drili za mkono karibu zote ni za uzi, na hii ilikuwa hivyo. Nilichomoa waya kwenye umeme kwanza, nikafungua taya mpaka mwisho, nikamulika ndani kwa tochi. Sikuona kitu zaidi ya unga wa mvule ulioshindiliwa na grisi mpaka ukawa kama saruji. Niliuchokoa kwa msumari mwembamba, nikasafisha kwa brashi na mafuta ya taa, na chini kabisa kikajitokeza kichwa cha skrubu.

Skrubu hiyo ndiyo siri. Drili nyingi za uzi zinazozunguka mbele na nyuma huwa nayo, ili chaki isijifungue yenyewe ukirudisha nyuma. Na kwa sababu hiyo hiyo uzi wake ni wa kushoto: inafunguka kwa kuizungusha upande wa kulia, kufuata mishale ya saa, upande ambao mkono wako wote umezoea kuwa ni kukaza. Yule kijana wa Wete hakuambiwa. Alama ya msalaba kwenye kichwa cha skrubu ilikuwa imesagika yote, imebaki kishimo cha mviringo. Simlaumu. Kila skrubu aliyowahi kuifungua maishani ilikuwa inafunguka kushoto, na hii aliikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua.

Skrubu iliyosagika kichwa kwa kawaida ni balaa, lakini uzi wa kushoto una rehema yake. Nilitia dizeli matone machache, nikaiacha usiku mzima. Asubuhi nilipasha chaki kwa mashine ya hewa moto, kwa sababu viwanda vingi hutia gundi kwenye uzi wa skrubu hii, na gundi hiyo hulainika kwa joto. Nilikwisha kuifuta dizeli yote na kufagia unga wa mbao mezani, na moto wa gesi sikuutumia: beringi ina grisi na nyuma yake kuna plastiki. Halafu nikachukua drili nyengine yenye keekee, yaani biti ya kutobolea, ndogo ya chuma, nikaanza kutoboa kichwa cha skrubu polepole. Keekee ya kawaida inazunguka kulia. Skrubu ya uzi wa kushoto inafunguka kulia. Kwa hiyo kadiri keekee inavyouma chuma, ndivyo inavyoisukuma skrubu upande wa kutoka. Haikufika milimita 3 kwenda chini, skrubu ikashituka, ikaanza kuzunguka pamoja na keekee, ikapanda juu yenyewe.

Baada ya skrubu kutoka, chaki yenyewe inafunguka kwa upande wa kawaida, kushoto, ukiitazama kwa mbele. Njia ya mafundi ni kubana alenki nene (ufunguo wa pembe sita uliokunjwa kama herufi L) ndani ya chaki, mkono wake mrefu ulale pembeni, kisha kuupiga pigo moja kavu. Pigo, si kusukuma. Ukisukuma polepole, mota na gia zinazunguka nawe na uzi hausikii kitu. Pigo la ghafla linafika kwenye uzi kabla vile vizito vya ndani havijawahi kuanza kwenda.

Lakini chaki iliyolika inashikaje alenki? Hapo ndipo nilipovikumbuka vile vidoti. Taya zilikuwa nzima kwa nyuma, na skrubu imeshaondoka, kwa hiyo nafasi ipo. Niliisukuma alenki ya milimita 10 mpaka ndani kabisa, nikakaza kwa ufunguo kwenye matundu yote matatu, si moja. Nyuma ya chaki shafti ilikuwa na bapa mbili. Nikaishika hapo kwa spana nyembamba ili pigo lisiende kwenye meno ya gia. Nyundo ya mti, pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nikasikia mlio mdogo wa kukatika, na unga wa kutu ukamwagika mezani kama ubani. Kilichobaki nilizungusha kwa mkono.

Kutu hiyo ilinieleza mengine. Mzee alikwenda kambi ya karafuu, mashine ikakaa miezi stoo, ikiwa na unga wa mbao na hewa ya chumvi. Unga unafyonza unyevu na kuushikilia pale pale kwenye chuma. Kabla ya kwenda kambini: pulizia, futa, tia mafuta ya mashine, funga kitambaa kikavu.

Kwa wenye drili ya mezani isiyo na uzi, niseme kwa ufupi. Shafti kubwa ya mashine ikiwa na tundu refu ubavuni, pitisha kabari bapa humo na uigonge. Shafti ndogo iliyobeba chaki itashuka nayo, basi kinga kwa mkono au ubao. Chaki kwenye shafti hiyo ndogo hutolewa kwa kabari mbili zenye mdomo wa panda, yaani uliogawanyika, zinazoingia kwa pamoja kutoka pande mbili. Wakati wa kurudisha, futa sura zote mbili zikauke kabisa. Mafuta hapo ni adui.

Na jambo ambalo nimemwambia mzee waziwazi: chaki ya drili imetengenezwa kwa kusukumwa moja kwa moja mbele. Kuchonga kunaisukuma kwa ubavu saa zote, na ndiyo iliyopanua zile taya. Kazi ya nakshi inataka mashine yenye koleti, inayokumbatia biti mzunguko mzima. Kasema akiuza sanduku alilonalo ataitafuta.

Kwa sasa nimemtilia chaki mpya, uzi nimeupaka grisi kidogo, na skrubu mpya ya kushoto nimeikaza kushoto. Kabla ya kufunga gunia nilitia tena kile chuma chenye masizi. Kilitoka na mistari mitatu, mirefu, kuanzia mdomoni mpaka nyuma. Nikakifunga kwenye karatasi, nikakiweka juu ya drili ili naye akione.