Faili ya FASTQ Hugawanywa kwa Mistari, si kwa Baiti

Malalamiko kuhusu faili za jenomu "zilizoharibika" yameongezeka, na mengi yana chanzo kimoja: mtumaji aliigawa faili vibaya kabla ya kuituma.

FASTQ ni faili ya maandishi yenye mifuatano ya DNA iliyosomwa na mashine. Rekodi yake moja kwa kawaida ina mistari minne: jina linaloanza na @, mfuatano wa herufi za DNA, alama ya +, kisha ubora wa kila herufi. Ukiigawa kwa amri ya split -b unakata kwa baiti, na rekodi hukatika popote kisu kinapoangukia. Tumia -l, inayokata kwa mistari, na idadi ya mistari igawanyike kwa 4:

zcat R1.fastq.gz | split -l 4000000 -d -a 3 --additional-suffix=.fastq - R1_

Kila kipande hubeba rekodi 1,000,000, isipokuwa cha mwisho. Chaguo -a 3 huruhusu vipande 1,000. Kistari kilicho peke yake kabla ya R1_ ndicho kinachoiambia split isome kinachotoka zcat (amri inayofungua faili iliyobanwa ya .gz), msikiache. Amri hii ni ya split ya GNU, inayokuja na Linux.

Tunaomba sana: msiigawe .gz ikiwa bado imebanwa. Kipande cha kwanza hufunguka kwa sehemu, vilivyobaki havifunguki. Na msitafute mwanzo wa rekodi kwa @ peke yake. Mstari wa ubora nao unaweza kuanza na @, maana katika Phred+33, namna ya kuandika kila ubora kwa alama moja, alama hiyo ni ubora wa 31.

R2, faili pacha ya R1 yenye usomaji wa upande wa pili wa DNA ileile, igawanywe kwa idadi ileile, kwa sababu programu za kulinganisha mifuatano na jenomu ya rejea huoanisha rekodi kwa mpangilio wake. Kipande kimoja kikikataliwa, jozi nzima hurudishwa na ukaguzi huanza upya. Kwa hiyo hakikisheni kwanza kwa md5sum, inayotoa namba ya utambulisho ya yaliyomo:

zcat R1.fastq.gz | md5sum
cat R1_*.fastq | md5sum

Matokeo yakitofautiana, msitume. Data ya binadamu ikigawanywa inabaki data ya binadamu: kibali cha faili nzima kinahitajika kwa kila kipande.

BAM, faili ambayo kwa kawaida hubeba mifuatano iliyokwisha kulinganishwa na jenomu, haigawanywi kwa split kabisa. Itengenezeeni faharasa kwa samtools index, kisha:

samtools view -b -o chr1.bam sampuli.bam chr1

Jina la kromosomu liandikwe kama lilivyo kwenye kichwa cha faili, chr1 au 1. Mkimaliza kromosomu zote, toeni pia rekodi zisizo na mahali kwenye jenomu kwa kuweka '*' palipo na chr1. Wengi huzisahau, kisha hutuandikia kwamba hesabu imepungua.