Hirizi za Misri ya Kale: Yasemwayo na Yaliyokuwa

Eti hirizi hizi zilikuwa za wafu tu. Nyingi zimepatikana makaburini kwa kuwa makaburi ndiyo yaliyosalimika. Walio hai nao walizivaa. Bes, kibete mwenye uso wa simba aliyetoa ulimi, na Taweret, kiboko mja mzito, walikuwa walinzi wa wazazi na vichanga. Kuanzia karibu mwaka 1000 KK wapo waliovishwa shingoni kibomba chenye ukurasa mwembamba wa mafunjo uliokunjwa, ambamo miungu iliahidi kumkinga mvaaji na nyoka, nge na maradhi. Aliyekulia pwani yetu, akaona hirizi ya ngozi yenye maandishi ndani, hahitaji kuelezwa zaidi.

Eti yule dundu wa kwenye hirizi ni alama ya kifo, tena hula watu. Hayo ni ya sinema. Dundu huyu hula mavi, na Wamisri walipomwona akiviringisha donge lake walimkumbuka Khepri, mungu wa jua linalochomoza. Maana yake basi ni kuzaliwa upya. Dundu wa moyo ndiye anayenigusa kuliko hirizi zote: jiwe, aghalabu la kijani, lililowekwa kifuani mwa maiti, tumboni pake pamechongwa sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maneno ya kumsaidia marehemu ahera. Humo marehemu hamwombi mungu. Anausihi moyo wake mwenyewe usisimame kumshuhudia vibaya mbele ya mizani ya hukumu, pale unapopimwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Kwao moyo ndio uliokuwa akili na kumbukumbu, kwa hiyo ulijua yote. Anayeomba hivyo ana jambo analolihofia!

Eti jicho la Horus, mungu mwenye kichwa cha kipanga, ni la husuda, au la vyama vya siri. Seth, hasimu wake, alilijeruhi; Thoth, mungu wa hekima, akaliponya. Ni jicho la uzima na afya, basi.

Eti ankh, alama ya uhai iliyo kama msalaba wenye kitanzi juu, ndiyo iliyovaliwa kuliko zote. Kwenye michoro imejaa tele mikononi mwa miungu, lakini kama hirizi ya kuvaa ni chache.

Eti zilibeba laana. Lord Carnarvon, aliyegharimia uchimbaji wa kaburi la mfalme Tutankhamun, alifariki Aprili 1923 kwa kidonda cha kuumwa na mbu kilichoingia sumu. Howard Carter, aliyelifungua kaburi hilo mwaka 1922, aliishi hadi 1939. Vito na hirizi zaidi ya mia moja vilivyokuwa ndani ya sanda za mfalme huyo viliwekwa kumkinga yeye, si kumwinda mtu.

Eti zote ni dhahabu za mafirauni. Sura ya 155 ya Kitabu cha Wafu inaagiza djed, hirizi ya mfano wa nguzo iliyo uti wa mgongo wa Osiris, mungu wa wafu, iwe ya dhahabu. Ya 156 inataka fundo la Isis, mkewe Osiris, liwe la yaspi nyekundu. Wasio na uwezo walitumia faiansi: mchanga uliosagwa, magadi, chokaa na shaba kidogo, ukichomwa unatoka buluu inayong'aa. Fundo jekundu nalo wengine walilifanya la kioo.